Msikizi wa Mkono wa Robi

"Tatu," alisema Wegesa.

Daktari Anande hakuandika. Aliinua macho kutoka kwenye kibao chake, akamtazama yule mama aliyeketi mbele yake.

"Tatu kwa kumi, Mama Robi? Una hakika?"

"Nina hakika, Daktari. Uchovu wa mazoezi tu."

Haikuwa tatu. Ilikuwa nane, na asubuhi ile alipojaribu kupitisha mkono kwenye sweta ilikuwa imefika tisa, mpaka akakaa kitandani na sweta limemning'inia shingoni, akisubiri pumzi irudi. Kanga aliifunga kwa mkono mmoja na meno. Ugali alikuwa ameusonga kwa mkono wa kushoto siku ya nne mfululizo, na ulikuwa na madonge ambayo hata mbwa wa kambini aliyaacha.

Na mkono wenyewe ulikuwa mzima. Ungeupiga picha usingeona kitu. Maumivu yalikuwa ya Robi, binti yake, ambaye wakati huohuo alikuwa uwanjani akipasha mwili moto, akicheka na wenzake, akiuzungusha mkono wake wa kulia kama mtu asiye na habari. Kwa kweli hakuwa na habari. Habari zote zilikuwa kwa mama yake.

Daktari aliandika tatu. Taa ya kijani ikawaka mlangoni, na Robi akaruhusiwa kurusha mkuki siku nyingine moja.

*

Vikuku vilipoanza kutumika, havikuwa na msikizi. Mwanamichezo alivishwa kikuku, nacho kikanasa habari za maumivu kabla hazijapanda kichwani, kikazizima. Watu wakashangilia. Ndani ya miaka miwili vijana wakaanza kuvunjika wakiwa wanatabasamu. Mmoja alikimbia mita mia nne na mfupa wa mguu umepasuka. Mwingine alinyanyua vyuma hata misuli ya kifua ikajichana, naye akauliza kwa nini watu wanapiga kelele.

Mashine zikajaribiwa. Zilipima joto, zikapima uvimbe, zikapima umeme wa misuli, lakini hazikujua kutofautisha uchovu unaojenga na mchaniko unaobomoa. Jambo hilo linajulikana na nyama ya mtu tu. Ndipo ikatungwa sheria: maumivu yaweza kuhamishwa, hayawezi kufutwa. Lazima awepo mtu wa kuyasikia kupitia kikuku cha pili, na kila asubuhi mtu huyo aseme namba mbele ya daktari. Ikizidi sita, mwanamichezo anavuliwa kikuku na kupumzishwa. Watu hao wakaitwa wasikizi.

Msikizi wa kwanza wa Robi alikuwa bwana mmoja mpole aitwaye Sinda, fundi cherehani aliyetaka kazi isiyomchosha macho. Mwaka uliopita, wiki mbili kabla ya mchujo wa taifa, Sinda alisema saba. Robi akapumzishwa msimu mzima. Aliutazama mchujo ukionyeshwa kwenye ukuta wa bweni, na mshindi alirusha mita ambazo yeye alizirusha mazoezini kila Jumanne.

Hapo ndipo alipopanda treni hadi Tarime, akamkuta mama yake akipepeta mtama, akapiga magoti.

"Mama, nataka uwe msikizi wangu. Damu ya mtu na damu yake zinasikilizana vizuri zaidi, hata madaktari wanasema."

"Na yule bwana wa cherehani?"

"Yule si wangu. Yule akisikia maumivu anajihurumia yeye. Wewe utanihurumia mimi."

Wegesa hakuona mtego wowote katika maneno hayo. Alichoona ni mtoto aliyeondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na minne, ambaye kwa miaka saba amekuwa akija sikukuu hadi sikukuu, na sasa amepiga magoti juu ya makapi akimhitaji. Mume wake alikuwa amekufa. Mashamba angeyaacha kwa shemeji. Aliuacha ungo palepale.

*

Mwanzoni kazi ilikuwa nyepesi. Maumivu ya mazoezi yalikuja jioni, yakaenea mkono mzima kama joto la kazi ya shamba, yakaondoka baada ya siku mbili. Wegesa aliyapenda, jambo ambalo asingemwambia mtu. Alipokuwa akichambua mchicha aliweza kusema moyoni: sasa amemaliza kurusha, sasa amenyanyua vyuma, sasa amekaa. Mtoto aliyekuwa haandiki barua wala hapigi simu alikuwa anamfikia kila saa kupitia mkononi.

Kisha, mwezi wa nne, Kocha Kisyeri akabadilisha mtindo wa Robi. Alimtaka auchelewishe mkono nyuma zaidi kabla ya kuufyatua. Mita ziliongezeka. Na Wegesa akaanza kusikia kitu kingine. Hakikuenea. Kilikaa mahali pamoja, mbele ya bega, penye upana wa kidole gumba, na kutoka hapo kikateremka kwenye msuli wa mbele wa mkono kila alipoinua kitu huku kiganja kikitazama juu. Kilikuwa kikali asubuhi. Kikapoa kidogo akisogezasogeza mkono, kikarudi jioni na hasira. Hakikuondoka baada ya siku mbili, wala baada ya kumi.

Siku ile ya "tatu", Daktari Anande alimfuata Wegesa jikoni kwa wasikizi. Alikuwa mwanamke wa Machame, mwembamba, asiyependa kupaza sauti. Alitazama sufuria, akatazama mwiko ulikoegemezwa.

"Tangu lini unasongea mkono wa kushoto, mama yangu?"

"Najifunza tu. Mtu hachelewi kujifunza."

Daktari hakucheka. Alivuta kigoda akaketi.

"Nikueleze kitu, halafu utaamua mwenyewe. Msuli uliochoka unauma kila mahali. Ukimuuliza mtu unauma wapi, anapapasa mkono mzima. Kano haiumi hivyo. Kano ndiyo kamba inayoufunga msuli kwenye mfupa. Ikianza kulika inauma mahali pamoja, mtu anaweza kupaonyesha kwa kidole. Na ikiwahiwa, inapona. Tunampumzisha kurusha wiki sita. Tunampa uzito mdogo, kilo moja, kilo mbili, awe anaushusha polepole, kila siku, kamba ijisuke upya. Si ugonjwa wa kutisha. Kinachotisha ni kuikaidi." Akaisogeza sufuria pembeni. "Nionyeshe panapouma."

Wegesa aliuinua mkono wa kushoto kwenda kwenye bega la kulia. Kidole kilipajua mahali penyewe. Kilikuwa kimepabonyeza mara mia kwa siku. Mchujo ulikuwa umebaki siku tisa, na wiki sita si siku tisa.

Akafungua kiganja, akapapasa mkono mzima kuanzia bega hadi kiwiko.

"Huku kote," akasema.

Daktari Anande alikitazama kile kiganja. Sheria haikumruhusu kumvua mwanamichezo kikuku kwa kushuku tu. Neno lilikuwa la msikizi.

"Haya, Mama Robi," akasema, akainuka.

*

Lakini Wegesa hakuwa mtu wa kusema uongo akalala vizuri. Kesho yake mchana alimfuata Robi kivulini nyuma ya chumba cha vyuma. Binti alikuwa amejinyoosha juu ya mkeka, miguu ukutani, anakunywa uji wa ulezi kwa mrija. Urefu aliurithi kwa baba yake, na mabega yale hakuna aliyejua alikoyatoa.

"Robi, mama. Kuhusu huo mkono wako."

Robi aliuacha mrija. "Usiniambie."

"Hujajua ninachotaka kusema."

"Ndiyo maana nasema usiniambie. Ukiniambia, nitakuwa najua. Nikijua, kesho daktari akiniuliza itabidi nami nimdanganye. Sasa hivi sijui kitu. Nina mkono mzuri tu."

"Hata kama si mzuri?"

Robi aliketi. Akaishika mikono ya mama yake, yote miwili, na alipoivuta Wegesa alifumba macho.

"Mama, nikuulize. Ni siku nane. Huwezi kunivumilia siku nane?"

Swali hilo lilimpiga pabaya. Wegesa alikuwa amezaliwa kwa watu wasiolia. Alimzaa huyu Robi njiani, akitoka kisimani, na akaingia nyumbani akitembea. Alipomzika mumewe, wanawake walikuja kumtazama kama atadondoka, hakudondoka. Katika maisha yake yote hakuna aliyemuuliza kama anaweza kuvumilia, kwa sababu jibu lilijulikana. Na sasa mtoto wake mwenyewe anauliza, kama vile jambo lenyewe ni nguvu za mama na si kamba inayolika ndani ya bega la binti.

Alipaswa kusema: si mimi ninayeshindwa, ni wewe unayekatika. Maneno yalikuwepo. Lakini kiburi kilitangulia.

"Naweza," akasema. "Mimi wa kushindwa siku nane?"

Robi akambusu kiganja, akarudi kwenye mrija wake.

Asubuhi iliyofuata Wegesa alisema tatu. Iliyofuata, tatu. Siku ya safari ya kwenda Dodoma kwenye mchujo alisema mbili, kwa kuwa aligundua kwamba ukishazoea, namba ndogo haina uzito zaidi ya kubwa mdomoni.

*

Wasikizi walikuwa na chumba chao chini ya jukwaa, chenye viti vya kuegemea na kioo kikubwa kinachotazama uwanja. Walikuwa kama ishirini. Kila aliporuka mrukaji, mtu mmoja mle chumbani alikunja goti. Hawakuzungumza sana. Mzee mmoja msikizi wa mkimbiaji wa vizingiti alikuwa akitafuna tangawizi na kutokwa machozi bila kujali.

Warusha mikuki wawili wa kwanza ndio wangechaguliwa kwenye timu ya taifa. Baada ya marusho manne Robi alikuwa wa tatu. Ofisa akapita na kibao kukusanya namba za mwisho.

"Msikizi wa Robi Nyamhanga?"

Wegesa alikuwa ameuweka mkono juu ya paja na kuukandamiza kwa mkono mwingine. Jasho lilikuwa limeilowesha kanga mgongoni.

"Nne," akasema. Aliona ni uungwana kupandisha moja.

Rusho la tano. Kwenye kioo Robi alikimbia, akavuka miguu, akauchelewesha mkono nyuma kama Kocha alivyotaka, akaufyatua. Ndani ya bega la Wegesa kitu kililia tap, kama ukindu mbichi unaokatwa. Moto ukapita toka bega hadi kiwiko, akainuka kitini bila kujua ameinuka. Halafu maumivu yakaisha.

Yaliisha kabisa. Alisubiri yarudi, hayakurudi. Akausogeza mkono taratibu, akauinua usawa wa bega, kisha juu ya kichwa, mahali ambapo haujafika kwa mwezi mzima na zaidi. Hakuna kitu. Kulikuwa na wepesi tu, na baridi kidogo.

"Mungu wangu," akasema kwa sauti. "Mungu wangu, asante."

Nje watu walikuwa wanapiga kelele. Mita sitini na mbili na sentimita arobaini. Robi alikuwa wa pili, na alikuwa anarukaruka akipunga mikono yote miwili. Wegesa alicheka, akampiga begani yule mzee wa tangawizi. "Yule ni wangu!" Mzee hakucheka. Alikuwa amesogea karibu na kioo.

"Mama," alisema polepole, "hebu tazama mkono wa mwanao."

Wegesa alitazama. Msuli wa mbele wa mkono wa Robi haukuwa mahali pake. Ulikuwa umeteremka, umejikusanya karibu na kiwiko kama limau chini ya ngozi, na juu yake, kuelekea begani, palikuwa na bonde. Robi alikuwa hajaona. Alikuwa ameshachukua mkuki kwa ajili ya rusho la mwisho, akiujaribu uzito wake, akitazama mbali.

Mlango wa chumba hufungwa mashindano yanapoendelea. Wegesa aliugonga kioo kwa ngumi zote mbili. Aliita jina la binti yake, jina alilompa yeye mwenyewe kwa heshima ya mama mkwe, akaliita mpaka sauti ikapasuka. Kioo kilikuwa kinene. Upande wa pili wa uwanja alimwona Daktari Anande akikimbia, koti jeupe likipepea, mkono ameuinua, na alikuwa mbali.

Robi alikimbia, akavuka miguu, akarusha.

Safari hii bega lote lilitoka. Wegesa alianguka akakigonga kichwa kwenye kiti, na alipokuwa chini aliona kwa pembe ya jicho binti yake amesimama katikati ya uwanja, mkono umening'inia, akiutazama kwa mshangao kama mtu anayetazama kitu alichookota.

*

"Kano ikishakatika yote," Daktari Anande alimwambia hospitalini baada ya upasuaji, "haina tena cha kuvutwa. Kwa hiyo maumivu hupoa. Wewe ukadhani amepona." Hakusema kwa ukali. "Mchaniko wa rusho la tano tungeushona. Angekuwa na kovu na miezi kadhaa ya mazoezi. La sita ndilo lililong'oa misuli inayoshika bega, na mshipa mmoja wa fahamu. Ataweza kula kwa mkono ule. Ataweza kuandika. Kurusha, hapana."

"Nipe kikuku," Wegesa alisema. "Hayo ya sasa, ya kushonwa. Niyabebe hayo."

"Umevuliwa usikizi, mama yangu. Na yeye mwenyewe amekataa."

Wiki tatu baadaye Baraza la Wasikizi lilikaa. Walikuwa watu watano nyuma ya meza ndefu, mwenyekiti wao mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Robi aliketi upande mmoja, mkono umefungwa kifuani. Wegesa upande wa pili. Hawakuwa wamesemezana tangu Dodoma.

Jambo la Wegesa halikuchukua muda. Alikiri. Namba zake za siku kumi za mwisho zilikuwa za uongo, zote. Akafungiwa maisha.

"Limebaki moja," mwenyekiti alisema. "Binti akiwa hakujua, matokeo yake yatabaki kwenye vitabu, na kambi itampa kazi ya kufundisha. Wameshamtengea mabinti wanane wa kuanza nao. Akiwa alijua, vyote vinaondoka. Robi, ulijua?"

"Sikujua," Robi alisema. Sauti yake ilikuwa safi. "Sikuwa nasikia kitu. Yeye ndiye aliyekuwa anasikia."

Ilikuwa kweli, neno kwa neno. Wegesa aliistaajabia ile kweli, jinsi ilivyokuwa imejengwa mapema, kwenye mkeka, kwa mrija wa uji.

"Mama Robi. Mwanao alijua?"

Ilikuwa rahisi. Neno moja, na uongo alikuwa amekwishauzoea, na huu ungekuwa wa mwisho na usingemuumiza mtu. Mtoto amepoteza mkono. Abaki basi na kazi. Mama gani atamnyima? Alifungua kinywa kusema hakujua.

Akawaza wale mabinti wanane. Watavishwa vikuku. Watapanda treni kwenda kuwatafuta mama zao, mmoja anapepeta, mwingine yuko sokoni, nao wataacha walichoshika. Na siku moja mmoja wa mama hao atamfuata mwalimu Robi kivulini aseme, kuhusu huu mkono. Na Robi atajibu nini?

Ndivyo alivyowaza. Baadaye, kwa miaka, alijiuliza kama ni hilo tu, au kama palikuwa pia na hasira ndogo, ya kuachwa peke yake mbele ya meza ile. Hakupata jibu lililomtosheleza.

"Nilikwenda kumwambia," alisema. "Akanizuia nisimwambie. Alisema akijua itabidi naye adanganye. Kwa hiyo alijua, waheshimiwa. Alijua kwamba kuna la kujua."

Daktari Anande alikuwa ameinamisha kichwa. Robi aligeuza uso, na kwa mara ya kwanza tangu Dodoma akamtazama mama yake.

Walikutana kwenye ujia, nje ya mlango. Baridi ya asubuhi ilikuwa bado haijaisha, na Robi alikuwa akihangaika kuvaa koti lake la michezo. Mkono wa kushoto ulikuwa umeingia. Wa kulia, aliokuwa ameufungua kifuani, haukuweza kurudi nyuma kuutafuta mkono wa koti. Kila alipojaribu uso wake ulikunjamana, na mdomo ukatoa sauti ndogo ambayo Wegesa hakuwahi kuisikia kwake, kwani muda wote aliovaa kikuku hakuonja maumivu ya mkono ule.

Wegesa alisogea kumsaidia. Alilishika koti kwenye ukosi.

"Namba zote zile uliweza kunisemea," Robi alisema. "Hili moja likakushinda."

"Robi, mama yangu..."

"Niachie."

Wegesa akaachia. Robi aliliacha koti lining'inie upande mmoja, akashuka ngazi akijishikilia ukutani kwa bega zima, mkono wa koti ukimpigapiga mgongoni, na hakugeuka. Mama yake alibaki juu ya ngazi. Mikono yake yote miwili ilikuwa mizima, wala haikumuuma popote.